Fransisko, Mwana wa Mwuza Nguo

Katika nchi ya Italia uko mji uitwao Assisi, umejengwa ubavuni mwa mlima. Huko ndiko alikozaliwa Fransisko, yapata mwaka 1181. Baba yake, Pietro Bernardone, alikuwa mfanyi biashara ya nguo. Mtoto alipozaliwa, baba alikuwa safarini Ufaransa, na mama akambatiza jina la Yohane. Pietro aliporudi akamwita Fransisko, maana yake Mfaransa, kwa vile alivyoipenda nchi ile iliyomtajirisha.

Siku zile mambo ya Italia yalikuwa yakigeuka. Tangu zamani tajiri alikuwa ni mtu mwenye mashamba na ngome. Sasa wafanyi biashara waliinuka kwa fedha, na mtu akaanza kupimwa kwa uzito wa mfuko wake. Fransisko alilelewa katika nyumba ya namna hiyo. Kazi ya duka aliijua vema, lakini usiku alifanya karamu na vijana wenzake, akawalipia wote, wakapita njiani wakiimba hata waliolala wakaamka. Wazazi walinung'unika kidogo, wasimkataze. Yeye alitamani kitu kimoja tu ambacho duka halikuwa nacho, yaani sifa ya askari mpanda farasi.

Mwaka 1202 Assisi walipigana na Perugia, mji jirani, wakashindwa. Fransisko akakamatwa, akakaa kifungoni karibu mwaka mzima. Baada ya kufunguliwa akaugua siku nyingi. Alipopata nguvu kidogo, alitoka na fimbo mkononi akayatazame mashamba na mizabibu aliyoipenda tangu utoto, asione furaha yo yote. Jambo hili lilimshangaza yeye mwenyewe. Akajaribu vita tena, akajipatia silaha nzuri, akashika njia ya kusini. Lakini alipofika Spoleto, mji usio mbali na kwao, akarudi.

Hakuna alichokichukia kama wakoma. Akiziona nyumba zao kwa mbali tu, aliziba pua na kugeuza uso. Siku moja, akiwa juu ya farasi katika uwanda chini ya mji, akamkuta mkoma njiani. Mwili ukamsisimka. Hata hivyo akashuka, akampa fedha, akambusu mkono. Kutoa fedha hakukuwa kazi kubwa, kwa maana fedha alikuwa akitoa siku zote. Kazi ilikuwa kushuka. Miaka mingi baadaye, alipoandika wosia wake karibu na kufa, hakuanza na vita wala duka, bali alianza na wakoma, akasema kwamba kwao ndiko uchungu wake ulikogeuka kuwa utamu.

Nje ya mji palikuwa na kanisa dogo la San Damiano, limechakaa karibu kuanguka. Fransisko alipokuwa akisali humo mbele ya msalaba, alisikia anaagizwa kuitengeneza nyumba hiyo. Mara akachukua nguo za duka, akaenda mji wa Foligno, akaziuza pamoja na farasi wake, akarudi kwa miguu na mfuko wa fedha. Padre wa pale akaogopa hasira ya Pietro, akakataa kuupokea. Fransisko akautupa dirishani, akauacha.

Hapa yafaa kumfikiri Pietro pia. Nguo zilikuwa zake, na mwana huyu ndiye aliyemtumaini kuishika kazi yake. Akamfunga ndani ya nyumba. Mama akamfungulia wakati baba alipokuwa safarini. Mwisho, mwaka 1206, Pietro akapeleka shauri mbele ya askofu Guido, na watu wengi wakakusanyika kusikiliza. Askofu akamshauri kijana arudishe fedha, kwani haifai kulijenga kanisa kwa mali iliyotwaliwa bila ruhusa ya mwenyewe. Fransisko akarudisha. Kisha akavua nguo zake zote, akaziweka chini pamoja na fedha, akatangaza kwamba tangu siku ile Baba yake ni yule aliye mbinguni. Askofu akamfunika kwa joho lake. Pietro akaviokota vitu vile, akaenda zake nyumbani.

Inasimuliwa kwamba tangu hapo, kila walipokutana njiani, baba alimlaani. Fransisko akamchukua maskini mmoja mzee afuatane naye, na kila laana ilipotoka, mzee yule ambariki mahali pa baba. Basi haikuwa kwamba hakuumia.

Akaanza kubeba mawe ya kujengea kanisa, akiomba chakula nyumba kwa nyumba. Alipoyatazama mara ya kwanza makombo yaliyochanganyika bakulini, alikaribia kutapika. Akala, na baada ya hapo hakuogopa tena njaa. Watu waliomcheka wakaanza kumwangalia kwa namna nyingine. Bernardo wa Quintavalle, mtu tajiri wa mji, akauza mali yake yote, akawagawia maskini, akamfuata. Mwaka 1209 walikwenda Roma, na Papa Innocent III akawapa ruhusa ya kuishi hivyo. Walifanya kazi za mikono kwa kupata chakula tu. Fedha hawakuruhusiwa kuipokea. Hata kanisa dogo la Porziuncola walilokaa walilihesabu kuwa la kuazima, wakawapelekea wenyewe kikapu cha samaki kila mwaka. Mwaka 1212 Clare, binti wa nyumba ya kikabaila, akaacha utajiri wake akashika maisha yale yale.

Baadaye ndugu wakawa maelfu, na hapo taabu ikaja kwa mlango mwingine. Siku moja Fransisko alirudi Porziuncola akakuta nyumba nzuri ya mawe imejengwa kwa ajili ya ndugu. Akapanda juu ya paa akaanza kuvitupa vigae chini, akaacha tu alipoambiwa kwamba nyumba ni mali ya mji, si yao. Mwaka 1220 aliwaachia wengine uongozi. Mwaka uliotangulia alikuwa amekwenda Misri, penye vita vya Wakristo na Waislamu, akaingia bila silaha mpaka kwa Sultani al-Kamil, naye akampokea kwa heshima na kumrudisha salama.

Macho yake yaliharibika, na madaktari wakamchoma usoni kwa chuma cha moto pasipo faida. Katika hali hiyo, mwaka 1225, alipokuwa karibu kipofu, alitunga wimbo wa kumsifu Mungu kwa ajili ya jua, mwezi, maji na moto, akiviita ndugu zake. Jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226 alikufa huko Porziuncola, baada ya kuomba alazwe chini juu ya udongo.

Mwaka 1228 alitangazwa mtakatifu, na mwaka huo huo likaanza kujengwa kanisa kubwa la kuzikia mwili wake, ambalo kuta zake zilikuja kupambwa kwa picha na mafundi hodari wa Italia. Humo, pamoja na vitu vya thamani, imehifadhiwa kanzu yake: nguo nzito ya rangi ya majivu, yenye viraka vingi.