Robert Hadfield na Siri ya Kulainisha Chuma

Tansfoma ya stima ina moyo wa chuma ndani yake. Wasomaji wapenzi, leo nimeona vyema tumkumbuke aliyeuwezesha moyo huo kufanya kazi bila hasara kubwa.

Robert Abbott Hadfield alizaliwa mwaka 1858 huko Sheffield, Uingereza, mji wa wahunzi na wafua visu. Chuo kikuu hakwenda. Aliingia kazini katika kiwanda cha baba yake cha kusubu chuma cha pua.

Mwaka 1882, kabla hajatimiza miaka 24, alitia manganizi kiasi cha 12 kwa mia katika chuma. Mafundi wa zama zile waliamini kuwa manganizi ikizidi huharibu chuma, nacho huvunjika. Tena pua ya kawaida ikitoka motoni ikazamishwa majini huwa ngumu na nyepesi kuvunjika; ikiachwa ipoe polepole hulainika. Ya Hadfield ilikwenda kinyume: maji ndiyo yaliyoifanya istahimili kupigwa na kupindwa. Ikatumika katika njia panda za reli na mashine za kusaga mawe.

Kisha akageukia silikoni. Pamoja na William Barrett wa Dublin alipima aina nyingi za chuma, na matokeo yakatangazwa mwaka 1900. Chuma chenye kaboni kidogo mno, kikitiwa silikoni kama 3 kwa mia, huweza kuokwa kwa moto mkali bila kubadili umbile lake la ndani. Chembe zake hukua. Kikipozwa polepole, usumaku huingia na kutoka kwa wepesi. Na silikoni yenyewe huizuia mikondo ya umeme inayozunguka bure na kugeuka joto. Hata leo tansfoma nyingi hutengenezwa kwa chuma cha namna hii.

Lakini kiwanda chake kilitengeneza pia makombora ya kutoboa deraya za manowari, na katika Vita Kuu ya Kwanza pua yake ya manganizi ikafanywa kofia za kukinga vichwa vya askari. Mkono mmoja uliua na kuokoa. Alifariki mwaka 1940, mabomu yakiiangukia nchi yake.

Mimi simsifu kwa makombora. Namsifu kwa taa, maana kuchanganya na kuoka ni elimu, na elimu humfuata aishikaye.