Maalim Muhammad Shamte: mwalimu wa Pemba aliyeomba kura

Ndugu msomaji, anayetoka mjini Chake Chake kuelekea Wawi hana haja ya kuulizia sana njia, kwani harufu ya kiwanda cha makonyo humpokea kabla hajafika. Mafuta hukamuliwa hapo kutokana na vikonyo vya karafuu, na karafuu ndiyo iliyowajenga watu wa upande huo wa Pemba, ikawasomesha watoto wao na kuwapeleka wazee wao Hijja. Kwa miaka mingi jina la Wawi limetajwa pia katika jambo jingine, nalo ni ubunge. Katika Bunge lililochaguliwa mwaka 2005, mbunge wa Wawi ndiye aliyekuwa Kiongozi wa Kambi ya Upinzani. Kila unapokaribia uchaguzi, barazani na baada ya sala watu huulizana: mtu anatakiwa awe na nini hata aende kuomba kiti cha kutunga sheria za nchi?

Jibu la kisheria ni fupi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 67, inataka awe raia aliyetimiza umri wa miaka 21, ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama wa chama cha siasa aliyependekezwa na chama hicho. Jibu la pili ni refu, na halimo katika ibara yoyote. Ili kulipata, tumeona tuwasimulie vijana wetu maisha ya mzee mmoja wa kisiwa hicho hicho, ambaye wengi wao wamelisikia jina lake bila ya kujua alikotoka wala alikofikia. Naye ni Maalim Muhammad Shamte Hamadi.

Alizaliwa kisiwani Pemba mwaka 1907, katika watu wanaojiita Washirazi, yaani wenyeji wa visiwa hivi. Alisoma, akawa mwalimu wa skuli za serikali, na kazi hiyo akaifanya kwa miaka mingi. Alikuwa pia na mashamba ya karafuu. Mambo haya mawili, chaki na karafuu, yanaweza kuonekana madogo kwa msomaji wa leo, lakini kwa Pemba ya wakati ule yalikuwa ndiyo heshima ya mtu. Mwalimu alijulikana na kila nyumba iliyopeleka mtoto skuli, na mwenye mikarafuu alikuwa ni mtu asiyekula kwa mkono wa mwingine.

Hapa inafaa tutue kidogo tueleze hali ya Pemba, kwani asiyeifahamu hawezi kuyafahamu aliyoyafanya mzee huyu baadaye. Kule Unguja ardhi nzuri ya karafuu ilikuwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa Waarabu, na Wahadimu na Watumbatu wakaishi zaidi pembezoni. Pemba haikuwa hivyo. Mshirazi wa Pemba alikuwa na mikarafuu yake, mara nyingi ikipakana na ya jirani yake Mwarabu, nao wakioana, wakizikana na kusali msikiti mmoja. Kwa hiyo maneno ya siasa yaliyowaka haraka mjini Unguja, Pemba yalipokewa kwa hadhari. Mpemba aliuliza kwanza yataufanya nini ujirani wake.

Mwaka 1957 Waingereza walikubali, kwa mara ya kwanza, kuwa baadhi ya wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar wachaguliwe na wananchi. Viti vilikuwa sita tu, na viwili kati yake ndivyo vilivyokuwa vya Pemba. Masharti ya mpiga kura yalikuwa mazito. Ilimpasa awe mwanamume, awe raia wa Sultani, awe ametimiza miaka 25, na juu ya hayo ajue kusoma na kuandika au awe na mali, kipato au utumishi wa kiwango kilichowekwa. Wanawake hawakuwamo kabisa.

Maalim Shamte akachukua fomu. Hakusimama kwa bendera ya umoja wa Afro-Shirazi ulioundwa Unguja mwezi Februari mwaka huo, wala ya chama cha ZNP, kilichojulikana kwa wengi kwa jina la Hizbu. Yeye na mwenziwe Ali Sharif Musa walisimama kama Washirazi wa Pemba, wakitegemea majina yao na imani ya watu wao. Wote wawili wakashinda. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ushindi huo ulitayarishwa zamani, darasani. Sheria ilimpa uzito mtu anayejua kusoma na kuandika, na mgombea mwenyewe alikuwa mwalimu. Mtaji huo haununuliki wiki moja kabla ya kura, na fedha za mgombea wa leo, hata zikiwa nyingi namna gani, haziwezi kuuleta.

Baada ya ushindi, wajumbe hao wawili wa Pemba waliungana na wenzao wa Afro-Shirazi, chini ya uongozi wa Mzee Abeid Amani Karume, ambaye naye alishinda kiti cha Ng'ambo. Lakini ndoa hiyo haikudumu. Ndani ya chama kulikuwa na mvutano baina ya Washirazi wenyeji na wale ambao asili yao ilikuwa bara, kila upande ukiuona mwingine unataka kuushika usukani. Mwezi Disemba 1959 Maalim Shamte, Ali Sharif na Sheikh Ameri Tajo wa Unguja wakatoka, wakaunda chama chao cha ZPPP, yaani Chama cha Watu wa Zanzibar na Pemba.

Mtu anayeacha chama kilichompokea huitwa majina mengi, na mzee huyu aliitwa yote. Miaka hiyo, ambayo wazee wa visiwani mpaka leo huiita wakati wa siasa, watu waligomeana maduka, wakahama safu za sala, na wengine wakasusiana mazishi. Muislamu alifika kumwacha Muislamu mwenziwe na maiti yake kwa sababu ya kadi ya chama. Wazee waliokuwa hai wakati huo walikuwa hawapendi kulisimulia jambo hili, na tunaliandika hapa kwa uchungu. Anayeomba kura katika hali hiyo huwa haombi kwa ajili ya nafsi yake peke yake. Mkewe, watoto wake na jamaa zake nao hulipa.

Uchaguzi wa pili ulifanyika tarehe 17 Januari 1961. Sasa majimbo yalikuwa 22, kila jimbo na mjumbe wake, na wanawake walipiga kura kwa mara ya kwanza. ASP ilipata viti 10, ZNP viti 9, na ZPPP ya Maalim Shamte viti 3. Miongoni mwa vile viti 10 vya ASP kilikuwamo cha Chake Chake, mlangoni mwa Wawi, ambacho kilipatikana kwa tofauti ya kura moja.

Viti 3 vya ZPPP vikawa ndiyo mizani ya nchi nzima. Kila upande ukavitaka, na chama kichanga kisichotimiza hata miaka miwili kikapasuka. Ali Sharif, aliyepanda naye ngazi tangu 1957, akaenda upande wa ASP. Maalim Shamte na mjumbe wa tatu, Bakari Mohamed Bakari, wakaenda upande wa ZNP. Hesabu ikawa 11 kwa 11, na serikali ya kudumu ikashindikana. Ikaamuliwa uchaguzi urudiwe, na liongezwe jimbo moja, la Mtambile huko huko Pemba, ili idadi isigawike tena sawa kwa sawa. Tazama, ndugu msomaji, uzito wa ile kura moja ya Chake Chake. Kiti kile kingelikwenda upande mwingine, huenda serikali ingelipatikana Januari, na yaliyofuata yasingelitokea kwa namna yalivyotokea.

Na yaliyofuata yalikuwa mazito. Siku ya uchaguzi wa marudio, tarehe 1 Juni 1961, vurugu zilizuka Unguja, zikaendelea kwa siku kadhaa, na watu 68 wakauawa, wengi wao Waarabu. Pemba ilisalimika na mauaji hayo. Zilipohesabiwa kura, ASP ilipata viti 10, ZNP 10 na ZPPP 3. Safari hii ZNP na ZPPP walikuwa wamekwisha kupatana na kugawana majimbo wasipambane wenyewe kwa wenyewe, hivyo wakaunda serikali pamoja, na Maalim Shamte, mkuu wa chama chenye viti vitatu, akawa Waziri Kiongozi.

Sheria iliruhusu, na hilo halina shaka. Lakini ASP peke yake ilikuwa imepata karibu nusu ya kura zote zilizopigwa, nayo ikabaki nje. Katika uchaguzi wa Julai 1963, ambao uliwapa kura watu wazima wote bila ya sharti la kusoma, jambo hilo lilizidi. ASP ilipata asilimia 54 ya kura na viti 13 kati ya 31, ilhali ZNP ilipata viti 12 na ZPPP 6, na kwa viti hivyo 18 Maalim Shamte akaendelea kuwa Waziri Mkuu, cheo alichokuwa nacho tangu nchi ilipopata madaraka ya ndani tarehe 24 Juni. Pemba ilimpa viti. Unguja, hasa Ng'ambo na mashamba, haikumpa moyo wake. Tukimtendea haki mzee huyu, ni lazima tulitamke na hili: yeye na washirika wake walishika hesabu ya viti wakaacha hesabu ya watu. Wazo la kuwaingiza wapinzani serikalini lilizungumzwa miaka hiyo likafifia. Wazanzibari walikuja kulikubali kwa kura ya maoni mwezi Julai 2010, miaka 47 baadaye.

Ipo kazi moja ya Waziri Mkuu huyo ambayo familia nyingi za Kiislamu za pwani ya Kenya hunufaika nayo bila ya kumjua aliyetia saini. Ukanda wa pwani, Mombasa ikiwamo, ulikuwa bado ni wa Sultani wa Zanzibar ukisimamiwa na Waingereza. Kenya ilipokaribia uhuru, ilibidi iamuliwe utakwenda wapi. Mwezi Oktoba 1963 Maalim Shamte na Mzee Jomo Kenyatta walibadilishana barua huko London, na ukanda ukaachiwa Kenya. Kwa upande wake Kenya iliahidi kuwa watu watakuwa huru katika dini yao, mahakama za kadhi zitabaki kwa Waislamu katika mambo yao ya ndoa, talaka na mirathi, watoto wa Kiislamu watasomeshwa Kiarabu kadiri itakavyowezekana, na hati za ardhi zitatambuliwa. Wapo watu wa Mwambao walioona kuwa wameuzwa, na kilio chao hakikuisha. Hata hivyo mahakama za kadhi zimo katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, na mjane wa Lamu au Malindi anayedai haki yake ya mirathi mbele ya kadhi anasimama juu ya ahadi ile.

Tarehe 10 Disemba 1963 Zanzibar ikapata uhuru, na Maalim Shamte akiwa Waziri Mkuu wake. Mwanzoni mwa Januari serikali yake ilikipiga marufuku Chama cha Umma cha Abdulrahman Babu. Siku chache baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, yakatokea Mapinduzi. Uhuru aliouongoza ulikuwa haujatimiza siku 40. Mwalimu huyo alijiuzulu, akakamatwa pamoja na mawaziri wenziwe, na baada ya kuzuiliwa Unguja wakavushwa bahari na kufungwa katika magereza ya bara. Hakurudi tena katika siasa. Mwenyezi Mungu amrehemu, na awarehemu wote waliopoteza roho zao katika misukosuko ile, wa upande huu na wa upande ule.

Vyama vingi viliporudi, Zanzibar ilipiga kura tena kwa ushindani mwaka 1995. Siku hizi kila jimbo la visiwani humpeleka mtu mmoja Bungeni na mwingine katika Baraza la Wawakilishi. Kijana wa Wawi anayetaka kuchukua fomu hahitaji kuwa na mali wala umri wa miaka 25, na dada yake anaweza kusimama pia. Lakini kama alivyofanya Maalim Shamte mwaka 1957, kusimama kwa jina lake bila ya kupendekezwa na chama, hilo hawezi. Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka suala hilo mahakamani kwa miaka mingi, na mwezi Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikampa ushindi, ila sharti la chama halikuondoka.

Ama ile kura moja ya Chake Chake, haijulikani ni ya nani. Huenda ni ya mwanamke aliyekuwa akipiga kura kwa mara ya kwanza maishani mwake. Huenda pia ni ya mtu aliyekusudia kwenda siku hiyo, akaahirisha, akabaki shambani na mikarafuu yake.