Ingres: Alichora sura za watu ili apate kula

Mwaka 1815 mchoraji Mfaransa Jean-Auguste-Dominique Ingres yuko Roma, ana mke, mfukoni hana kitu. Napoleon ameanguka, na Wafaransa wenzake waliokuwa wakimpa kazi wamefunga virago.

Jamaa akashika penseli. Watalii, hasa Waingereza, walikuwa wanakaa mbele yake na kuondoka na sura zao kwenye karatasi. Alichonga penseli ikawa kali, na usoni hakuwa na haraka: kope, tundu za pua, kona za mdomo, kivuli chepesi shavuni. Akishuka kwenye koti au gauni, anapitisha mistari michache tu, basi. Ndiyo maana ukiangalia picha hizo jicho linarudi usoni lenyewe. Kama unajifunza kuchora, anzia hapo.

Kuchora alifundishwa na baba yake huko Montauban, alikozaliwa 1780. Fidla pia. Tena mwaka 1819 alimchora kwa penseli Paganini, bingwa wa fidla.

Lakini kazi hiyo ilimuuma. Yeye alitaka picha kubwa za historia na dini. Inasimuliwa kwamba mgeni alibisha hodi akimuulizia yule mchora vipicha vya sura, Ingres akamjibu kwa hasira kuwa anayeishi hapo ni mchoraji.

Mwaka 1824 picha yake kubwa ya Mfalme Louis XIII ikampa heshima Paris. Alifariki 1867, akiwa na miaka 86. Picha ya mfalme iko kanisani Montauban. Paganini wa penseli yuko Louvre.