Savonarola na Siasa za Siku za Mwisho

Ni nadra kwa umma kupata katiba yake kutoka mimbarini. Florence, mji tajiri wa mabenki na vitambaa vya sufi huko Italia, uliipata yake hivyo mnamo Desemba 1494, na aliyeihubiri alikuwa mtawa mgeni aliyeamini kuwa siku za mwisho zimebisha hodi. Jina lake ni Girolamo Savonarola. Mwanafunzi wa historia aghalabu hukutana naye katika aya moja tu, akiteketeza vioo na vinyago, kisha kitabu humkimbilia Martin Luther. Mtu huyu anastahili zaidi ya aya moja.

Alizaliwa Ferrara tarehe 21 Septemba 1452, mjukuu wa tabibu wa ikulu. Mwaka 1475 alitoroka nyumbani bila kuaga, akajiunga na shirika la Wadominiko mjini Bologna. Alipotumwa Florence mwaka 1482 mahubiri yake yalipwaya. Aliondoka, akarejea mwaka 1490 kwa mwaliko wa Lorenzo de' Medici mwenyewe, tajiri aliyeutawala mji huo pasipo kuvaa taji. Agosti mwaka huo akaanza kukifasiri Kitabu cha Ufunuo, na mwaka uliofuata akawa mkuu wa nyumba ya watawa ya San Marco, nyumba iliyojengwa kwa fedha za akina Medici. Naam, mwenyeji alikuwa amemkaribisha mgeni atakayelisomea kaburi la ukoo wake.

Mafundisho yake yalikuwa mepesi kushika. Kanisa limeoza, litacharazwa kisha litafanywa upya. Italia itapigwa upanga kutoka ng'ambo ya milima. Na hayo yote yatatimia karibuni, si katika vizazi vijavyo. Septemba 1494, alipokuwa amefika kwenye gharika katika mfululizo wa mahubiri kuhusu safina ya Nuhu, habari zilienea kwamba Charles wa Nane, mfalme wa Ufaransa, ameivuka milima ya Alps na jeshi lake. Watu walitetemeka. Savonarola alimwita mfalme huyo Koreshi mpya, chombo cha Mungu. Mnamo Novemba 9, Piero, mwana wa Lorenzo, alifukuzwa mjini kwa kumkabidhi Mfaransa ngome za Florence, na utawala wa ukoo wake wa miaka 60 ukaporomoka kwa siku moja.

Hapa ndipo imani ilipogeuka siasa. Mtawa huyo alihubiri kwamba Florence ndiyo Yerusalemu mpya, na kwamba Mungu ameichagua iwe na fahari na utajiri kupita zamani, mradi ijitakase. Kujitakasa huko kulihusu pia serikali. Aliutaka mji uunde Baraza Kuu, na likaundwa. Wanaume zaidi ya 3,000 walistahili kuketi humo. Wanawake na vibarua hawakuhesabiwa, lakini kwa zama zile huo ulikuwa mlango mpana. Wafuasi wa akina Medici walisamehewa badala ya kuchinjwa. Machi 1495 ikapitishwa sheria ya rufani: raia aliyehukumiwa kifo kwa kosa la kisiasa angeweza kukata rufani mbele ya Baraza Kuu. Ikaanzishwa pia hazina ya kuwakopesha maskini kwa rehani. Mwalimu anayemfundisha Savonarola kama mchoma vitabu tu, na afundishe na haya.

Tatizo ni kwamba jengo hili lilisimama juu ya ahadi. Charles alirudi kwao Ufaransa bila kuirejesha Pisa, bandari iliyoasi mwaka 1494, na vita vya kuikomboa vikala fedha za mji. Njaa ikaingia. Papa Alexander wa Sita, aliyeunda muungano dhidi ya Ufaransa, alimtenga mhubiri huyo na Kanisa mwezi Mei 1497. Aliyepinga kodi au vita akahesabiwa kuwa anampinga Mungu.

Agosti 1497 raia watano, akiwemo mzee Bernardo del Nero, walihukumiwa kifo kwa njama ya kumrudisha Piero. Waliomba rufani kwa sheria ile ile ya 1495. Wakanyimwa, na waliopigia kelele kunyimwa huko walikuwa wafuasi wa Savonarola. Wakakatwa vichwa. Yeye aliyekuwa ameihubiri haki ya rufani hakupanda mimbarini kuitetea. Kwa maoni yangu siku hiyo ndiyo aliyoanguka, wala si ile ya mwaka uliofuata.

Mji uliozoeshwa ishara huidai ishara. Mtawa wa Kifransisko alitaka ukweli wa unabii upimwe kwa kupita motoni, na Domenico da Pescia akakubali kumwakilisha mkubwa wake. Aprili 7, 1498, uwanja ulifurika. Saa zikapita katika ubishi juu ya mavazi na msalaba, kisha mvua ikanyesha, wala hakuna aliyeingia motoni. (Siku hiyo hiyo Vasco da Gama alitia nanga nje ya Mombasa, na Charles, Koreshi wa Savonarola, akafariki Ufaransa.) Kesho yake, Jumapili ya Matawi, umati uliivamia San Marco. Savonarola aliteswa kwa kamba hadi akakiri, akakana, akakiri tena. Mei 23 alinyongwa pamoja na Domenico na mtawa mwingine, Silvestro Maruffi. Maiti zao zikachomwa na majivu kutupwa mtoni Arno, watu wasije wakayaokota.

Baraza Kuu halikufa naye. Liliishi hadi mwaka 1512, likafufuka mwaka 1527, na mwaka 1528 likamtangaza Kristo kuwa mfalme wa Florence. Mji uliozingirwa ulisalimu amri Agosti 1530, na akina Medici wakarejea. Ukumbi uliojengewa Baraza hilo ungalipo. Cosimo de' Medici aliufanya wake, akaamuru kuta zake zichorwe vita vya Florence, vya Pisa vikiwemo.