Wana Wema wa Nyumba Ndogo

Katika jamaa zetu nyingi yumo mtoto ambaye akili yake haikukua pamoja na umri wake. Majirani humwita taahira. Wageni wafikapo, hufichwa chumbani. Na Jumapili, wenzake waendapo Misani, yeye huachwa nyumbani. Kwa ajili ya jamaa za namna hiyo, yafaa tukumbuke maisha ya Mtakatifu Giuseppe Benedetto Cottolengo.

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1786 huko Bra, kaskazini mwa Italia, akapewa daraja ya upadre mwaka 1811. Baadaye akawa kanoni katika kanisa la Corpus Domini mjini Turin. Tarehe 2 Septemba 1827 aliitwa kwa mama mmoja Mfaransa aliyekuwa safarini, mjamzito na mgonjwa sana. Hospitali ilikuwa imemkataa kwa sababu ya mimba. Nyumba ya wazazi nayo ilimkataa kwa sababu ya ugonjwa. Padre akampa sakramenti, naye akafariki, akiwaacha mumewe na watoto wadogo. Hapo Cottolengo alitambua ya kuwa kila mlango wa huruma ulikuwa na sharti lake, na ya kuwa wapo watu wasioweza kutimiza sharti la mlango wowote.

Mwezi Januari 1828 akafungua vyumba vichache kwa ajili ya watu hao. Mwaka 1831 serikali ikavifunga kwa hofu ya kipindupindu. Hakukata tamaa. Tarehe 27 Aprili 1832 akahamia Valdocco, pembezoni mwa mji, akiwa na mkokoteni wa punda na mgonjwa mmoja. Ndivyo ilivyoanza Nyumba Ndogo ya Maongozi ya Mungu. Wakaingia humo yatima, viziwi, wenye kifafa, na wale wenye ulemavu wa akili.

Kila kundi alilipanga kama jamaa moja, yenye jina lake. Wenye ulemavu wa akili, ambao ulimwengu uliwaita kwa majina ya dharau, yeye aliwaita Wana Wema. Jina hilo lina mafundisho makubwa. Mtu ni mwana kwa kuwa anaye baba na ndugu. Hakuna mtihani anaotakiwa kuushinda kwanza.

Cottolengo alifariki kwa homa ya tifasi huko Chieri, tarehe 30 Aprili 1842, akiacha zaidi ya watu 1,000 katika Nyumba Ndogo. Baba Mtakatifu Pius XI akamtangaza mtakatifu mwaka 1934. Kazi yake imefika hata Afrika ya Mashariki. Huko Meru, nchini Kenya, masista wake wamewatunza watoto walemavu katika Tuuru, na mabruda wake wana hospitali Chaaria, ambako Wana Wema wamepewa makao, nao huitwa kwa jina lile lile.

Lakini nyumba kama hizo haziko kila mahali. Jamaa ya Kikristo iishiyo Makangale, kwenye ncha ya kaskazini ya Pemba, kando ya msitu wa Ngezi, ambako Wakristo ni wachache mno, haiwezi kungoja masista wavuke bahari. Kwao, Nyumba Ndogo ni nyumba ya baba na mama wenyewe.

Wapo wazazi wasemao ya kuwa mtoto huyu hajui anachopokea, kwa hiyo asikaribie meza ya Bwana. Baba Mtakatifu Benedikto XVI, katika waraka wake Sacramentum Caritatis wa mwaka 2007, alifundisha ya kuwa watu hao, wakiisha kubatizwa na kupata Kipaimara, wapewe Komunyo kadiri iwezekanavyo, kwani wanaipokea pia katika imani ya jamaa na ya jumuiya inayowasindikiza. Basi, imani yetu sisi ndiyo inayodaiwa. Baba amlete kwa paroko, mama amvalishe nguo safi, na Jumapili ijayo aketi kati ya nduguze.