Gunpei Yokoi: Jamaa aliyechagua betri badala ya rangi

Hapa Dagoretti Corner, ndani ya kibanda cha gemu, ubishi wa jioni huwa ni mmoja: mashine gani ina nguvu zaidi? Kisha stima inapotea. TV zote zinazima, na anayeendelea kucheza ni jamaa mmoja tu aliyeshika Switch mkononi. Ghafla swali linabadilika: betri imebaki ngapi?

Mtu aliyelichukulia swali hilo la pili kwa uzito ni Gunpei Yokoi, mzaliwa wa Kyoto, Japani, mwaka wa 1941. Alisomea mambo ya umeme, na 1965 akaajiriwa Nintendo. Usidhani ni Nintendo unayoijua. Ilikuwa kampuni ya karata, na yeye alikuwa fundi wa kutunza mashine za kiwandani. Kazi ikiwa kidogo, akajitengenezea mkono wa kurefuka wa kuokota vitu vilivyo mbali. Bosi wake, Hiroshi Yamauchi, akauona. Badala ya kumfuta, akaamua uuzwe. Ultra Hand ilitoka 1966, zikauzwa zaidi ya milioni 1.

Msimamo wa Yokoi ulikuwa rahisi: chukua teknolojia iliyozoeleka na kushuka bei, uipe kazi mpya. Skrini za vikokotoo zilipokuwa rahisi, akatoa Game & Watch, 1980. Na ule msalaba unaobonyeza kwa kidole gumba kwenye padi? Ni wake pia, 1982.

Mtihani mkubwa ulikuja 1989. Timu yake ilitoa Game Boy: haina rangi, haina taa ndani, prosesa yake ni ya megahazi 4 hivi. Atari ikaja na Lynx mwaka huohuo, Sega na Game Gear 1990, zote zina rangi na taa. Kwa karatasi, Game Boy ilikuwa imeshapigwa. Lakini taa na rangi hula moto. Hizo mbili zilimeza betri 6 kwa saa chache tu. Game Boy ilitumia 4 na kupita saa 10. Ikijumlishwa na dada yake ya rangi, ziliuzwa zaidi ya milioni 118.

Si kwamba hakuwahi kuteleza. Virtual Boy ya 1995, yenye picha nyekundu tupu, ilichosha macho na haikufika hata milioni 1. Mwaka uliofuata aliondoka Nintendo, akafungua kampuni yake, Koto. Oktoba 4, 1997, aliposhuka garini baada ya ajali ndogo barabarani, gari lingine likamgonga. Alikuwa na miaka 56.

Switch ilitoka 2017, yeye hayupo, lakini hesabu ni ileile. Ikiwa imechomekwa kwenye TV, chipu yake hukimbia na picha hufika 1080. Ukiichomoa, upande wa picha hupunguza kasi hadi karibu nusu au chini, na skrini yake ni ya 720. Isipofanya hivyo itachemka mkononi na betri itaisha upesi.

Kifaa cha mwisho alichoshiriki kubuni, WonderSwan, kiliuzwa na Bandai kuanzia 1999. Kilitumia betri moja tu, ile ndogo unayoweka kwenye rimoti. Stima ikirudi na ubishi uanze tena, watajie hiyo.