IDI AMIN DADA: WA SINEMA NA WA KWELI

Mwanachama mwenzangu, ukikaa na vijana wa Jericho au Umoja jioni na kumtaja Idi Amin, si ajabu mmoja akuhadithie kuhusu daktari kutoka Scotland aliyekuwa rafiki yake. Habari hizo amezitoa kwenye sinema, The Last King of Scotland, iliyotoka mwaka wa 2006. Sinema hiyo imetokana na riwaya ya Giles Foden ya mwaka wa 1998, na yule daktari, Garrigan, ni mtu wa kubuniwa tu. Lakini Amin hakubuniwa. Basi tumwangalie mwenyewe.

Amin alikuwa Mkakwa, kabila la pande za West Nile, Uganda. Shule hakusoma sana. Mwaka wa 1946 aliingia jeshi la mkoloni, King's African Rifles, ambako Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya askari. Alikuwa pande la mtu. Tangu 1951 hadi 1960 alikuwa bingwa wa ndondi Uganda. Aliletwa hata hapa Kenya kupigana na Mau Mau. Wazungu wakapenda nguvu zake, wakampandisha vyeo. Mwaka wa 1962 kikosi chake kilishutumiwa kuwaua wafugaji Waturkana, lakini yeye hakushtakiwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tarehe 25 Januari 1971, Rais Obote akiwa mkutanoni Singapore, Amin alinyakua serikali. Watu wakacheza barabarani Kampala. Wapi! Agosti 1972 aliwapa Wahindi siku 90 wafunge virago. Maduka yao yakagawiwa wanajeshi na marafiki, na punde sukari na sabuni zikaadimika. Watu walichukuliwa wasionekane tena. Mwaka wa 1977 hata Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Wengine hukadiria kwamba watu 300,000 walikufa.

Sisi majirani hatukuachwa. Februari 1976 alidai eti magharibi ya Kenya, hadi karibu na Nairobi, ni mali ya Uganda. Mzee Kenyatta akakataa katakata. Oktoba 1978 akaivamia Tanzania, akagusa moto. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka, naye akatoroka. Alifia Jeddah, Saudia, tarehe 16 Agosti 2003, bila kusimama kizimbani hata siku moja.

Forest Whitaker, aliyemwigiza, alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo, akatuzwa Oscar mwaka wa 2007. Anastahili. Hata hivyo mapenzi ya daktari na Kay, mke wa Amin, yametungwa. Kay wa kweli alikufa kifo cha kutisha mwaka wa 1974, na hakuwa na Garrigan wa kumpenda.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi wa chama hiki. Mwaka wa 1973 Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa ya Uganda. Lakini raia wengi walikisikia kwa askari mwenye bunduki, wakakiogopa. Ilichukua hadi 2022 baraza la mawaziri la Uganda kuidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni.

Kwa hivyo ukikutana na jirani Mganda mtaani anayesitasita kusema Kiswahili, usimcheke. Huenda wazazi wake walikisikia usiku, mlango ukigongwa. Lugha haina kosa. Kosa ni la aliyeitumia vibaya. Wewe msalimie kwa upole, akisikie upya.